Kabla ya kuilaumu darubini

Bunduki ikianza kutawanya risasi, mteja huja na hukumu yake tayari: "Fundi, darubini imekufa." Mzee mmoja anayeongoza wawindaji alinijia karakanani Arusha na bunduki aina ya Mauser 98 ya risasi nzito za .375 H&H ikiwa na darubini ya tatu. Januari alikuwa ameiweka sawa kabisa. Masika yalipokolea, risasi zikawa zinaangukia kiganja kizima kushoto kwa mita 100.

"Mzee wangu, tuiache darubini kwanza."

Nikatoa bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikachungulia chemba risasi inapokaa kuhakikisha ni tupu. Kisha nikachukua noti ya elfu kumi na kuipitisha kati ya mtutu na mti, yaani ile mbao yote kuanzia kitako hadi chini ya mtutu. Ikakwama mapema tu. Mbao ilikuwa imevimba kwa unyevu na kuuegemea mtutu upande wa kulia. Mtutu hutetemeka kila unapofyatua, na ukiguswa leo huku, kesho kule, hautatetemeka vilevile mara mbili.

Hilo lilikuwa dogo. Nilifunga geji ya mshale kwenye ncha ya mti, sindano yake ikigusa mtutu, halafu nikalegeza skrubu ya mbele kati ya zile zinazofunga chuma kwenye mti. Mshale ukaruka 0.2 mm. Mimi huridhika ukibaki chini ya 0.05. Maana yake, skrubu zilikuwa zinaipinda risiva, kile chuma kinachobeba bolti nyuma ya mtutu, ili ifuate mbao mbovu, kama mtu mzito anapokalia kigoda kwenye sakafu ya mabonde.

Dawa yake ni kuikalisha upya. Fundi wa zamani alitumia masizi, na mimi bado nayatumia: masizi ya koroboi kwenye grisi kidogo, unapaka chuma, unakiweka kwenye mti, unakitoa. Panapobaki weusi ndipo panapogusa, nawe unakwangua hapo tu. Unarudia mpaka mgongo uanze kuuma. Nikishapata mkao, nachimba nafasi ya milimita moja na nusu hivi chini ya risiva, na hapo ndipo epoksi, gundi inayokauka ngumu, yenye unga wa chuma inapoingia.

Sehemu ya kuhangaikia ni jino la chini ya risiva, lile ambalo skrubu ya mbele ya Mauser 98 huingia. Ndilo linalopokea teke lote, na teke la .375 si la mchezo. Nyuma yake lazima liegemee epoksi barabara. Mbele, pembeni na chini yake nabandika utepe, ili ukishatolewa ibaki nafasi. Mkia wa risiva nao usiguse mbao kwa nyuma. Nusu milimita inatosha. Ukigusa, kila risasi unakuwa kabari, na mti hupasuka pale pale mkono unaposhika. Sanduku la risasi lililo chini ya risiva nalo lichezecheze kidogo. Likibanwa, ndilo litakaloishikilia risiva badala ya mti.

Ili epoksi isishike chuma, napaka Kiwi ya viatu mara mbili, hadi ndani ya nyuzi za skrubu, na matundu yote nayaziba kwa plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto. Tundu moja nililisahau miaka ya nyuma. Epoksi ikaingia, ikawa pingu. Bunduki ya mteja, bila bolti wala risasi, ililala usiku kucha kwenye friza yangu ya karakana iliyofungwa kwa kufuli. Chuma kikasinyaa, asubuhi nyundo ya mpira ikamaliza kazi. Tangu hapo nayahesabu matundu kwa sauti.

Epoksi ikiwa bado mbichi, usikaze skrubu kwa nguvu, maana utakuwa umeugandisha ule mpindo uliokuja kuutibu. Acha chuma kilale kwa uzito wake, mtutu ukiegemea mizunguko ya utepe karibu na ncha ya mti. Mimi naacha saa 24, hata mteja akipiga simu mara tano.

Baada ya kazi geji haikusogea hata nukta, na noti ilipita hadi kwenye risiva. Kwenye uwanja wa shabaha tulirudisha darubini yake ya kwanza, na haikuwa na kasoro yoyote. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namjua mtu wa kununua zile nyingine mbili.