Seli za ngozi hufa kila siku. Shida ni namna zinavyokufa

Chukua gamba moja jeupe lililodondoka kwenye kiwiko cha mtu mwenye soriasisi, ugonjwa wa muda mrefu unaoota madoa yenye magamba ngozini, uliweke chini ya hadubini. Utaona kitu ambacho hakikupaswa kuwepo: viini vya seli. Kwenye ngozi yenye afya, seli inayofika juu kabisa huwa imeshakivunja kiini chake, imejaa keratini (protini ngumu, ileile ya kucha na nywele), imeshikamana na jirani zake kama vigae vya paa, na imekufa kwa utaratibu. Safari hiyo ya kutoka tabaka la chini hadi juu huchukua takribani mwezi mmoja. Kwenye soriasisi humalizika kwa siku chache tu, na seli hufika juu kabla haijamaliza kufa.

Naanza na gamba hilo kwa sababu karibu kila ninachokisikia kuhusu magonjwa ya ngozi, kuanzia "damu chafu" hadi "kinga imeshuka", hukiruka kile kinachoonekana pale chini ya kioo. Magonjwa haya yana mengi ya kusema kuhusu jinsi seli zinavyokufa, na kuhusu walinzi wa mwili wanaofika kuangalia maiti.

"Seli zikifa ngozini, ujue kuna ugonjwa"

Hapana. Ngozi huishi kwa kufa. Tabaka la juu linalotukinga na upepo, maji na vijidudu limejengwa kwa seli zilizokufa, na bila vifo hivyo tusingedumu. Swali la maana ni seli imekufa kifo gani, maana vifo havifanani.

Kipo kifo cha kimyakimya, kiitwacho apoptosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1972 na wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie, wakitumia neno la Kigiriki linaloelezea majani yanayopukutika mtini. Vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikatakata seli kutoka ndani, seli hunywea, hujigawa katika vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri kwa utando, kisha makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza mabaki, au seli jirani huvimeza. Ni kama mpangaji aliyefungasha virago, akafagia chumba na kukabidhi funguo. Mtaani hakuna anayeamka.

Kisha kuna vifo vya kelele. Katika nekroptosisi, protini mbili, RIPK1 na RIPK3, huiamsha ya tatu iitwayo MLKL, nayo huenda kutoboa utando wa seli. Seli huvimba, hupasuka, na vilivyokuwa ndani humwagika nje. Piroptosisi nayo hutoboa utando, ila kwa protini za jamii ya gasdermini, na mara nyingi huambatana na kutolewa kwa interleukini-1 beta, mojawapo ya vichocheo vikali vya homa na uvimbe.

Na seli za ngozi, keratinositi, zina jambo la pekee. Hukaa na akiba ya interleukini-1 alfa ndani yake muda wote, tayari kabisa. Seli ikipasuka, akiba ile humwagika na kuwa king'ora. Hapo ndipo unapoanza mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto, maumivu na mabadiliko ya rangi.

"Uvimbe ndio unaoua seli, basi"

Hii ni dhana ya wasomi zaidi kuliko ya mitaani, na kwa miaka mingi ilionekana ya busara: kinga inakosea, inashambulia ngozi, seli zinakufa kama majeruhi wa vita visivyowahusu. Ni kweli kwamba hutokea hivyo. Lakini mshale huu una ncha mbili, na ushahidi wa ncha ya pili umetoka kwa panya wa maabara.

Kaspasi-8 ni kimeng'enya kinachofahamika kwa kuua. Ungetarajia kwamba panya akiondolewa kaspasi-8 kwenye keratinositi zake, seli zake zitaishi zaidi. Kilichotokea ni kinyume: ngozi yake iliwaka kwa mchochota mkali. Ndipo ikaja kueleweka kwamba kaspasi-8 ina kazi ya pili, ya kuikatakata RIPK1 na RIPK3 ili nekroptosisi isianze. Ni muuaji anayezuia mauaji mabaya zaidi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha jambo hilo hilo kwa FADD, mwenzake wa kaspasi-8: ondoa FADD kwenye keratinositi, ngozi inawaka, ondoa na RIPK3 pia, ngozi inapona. Hapakuwa na kijidudu kilichopandikizwa wala mzio uliochokozwa. Kilichobadilishwa ni namna ya kufa tu.

Mwaka huo huo wa 2011 ukafafanuliwa mfano mwingine, wa panya wasio na protini iitwayo Sharpin, ambao kwa kawaida huota magamba na vidonda tangu wakiwa wadogo. Walipoondolewa pia TNF, sitokini (protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli) inayoweza kuiamuru seli ife, ngozi yao ilisalimika. Nikisoma matokeo haya kwa mfuatano huwa nashindwa kuendelea kuamini kwamba kifo cha seli ni majivu tu yanayobaki baada ya moto. Mara nyingine ndicho kiberiti.

Ila panya si mtu, na tuliseme hilo wazi. Vidonge vya kuzuia RIPK1 vimeshajaribiwa kwa wagonjwa wa soriasisi, na matokeo yake yamekuwa madogo kulinganisha na sindano zinazozuia interleukini-17 au interleukini-23. Kwa binadamu, ugonjwa ukishakomaa huwa na nguzo nyingi, na kung'oa moja hakuangushi nyumba.

"Kinga yako imeshuka, tafuta kitu cha kuipandisha"

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inampeleka mgonjwa upande usio wake. Mwenye soriasisi hana upungufu wa kinga ngozini. Anayo kwa wingi unaomchoma.

Kinga tuliyo nayo ina mikono miwili. Mmoja hujifunza polepole na hukumbuka, na ndio unaofunzwa na chanjo. Mwingine tunazaliwa nao. Haukumbuki mtu, lakini hufika ndani ya dakika na saa. Mkono huu wa kuzaliwa una vipokezi vinavyotambua alama za hatari, na mchango wa Jules Hoffmann na Bruce Beutler katika kuelewa jinsi unavyoamshwa uliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Ugumu ni kwamba baadhi ya vipokezi hivyo vinatambua DNA na RNA, na sisi wenyewe tuna DNA na RNA.

Kwa kawaida DNA ya seli yetu iliyokufa haileti fujo, kwa kuwa huvunjwavunjwa haraka. Kwenye ngozi yenye soriasisi kuna protini iitwayo LL-37, ambayo kazi yake ya halali ni kuua bakteria. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba LL-37 inaweza kuing'ang'ania DNA iliyomwagwa na seli zinazokufa, ikaikunja na kuiingiza ndani ya seli za kinga za jamii ya dendriti. Huko ndani, DNA yetu wenyewe husomwa kama ya adui. Interferoni, ujumbe wa tahadhari dhidi ya virusi, hutolewa, seli T (askari wa ule mkono unaojifunza) huitwa, interleukini-17 humiminika, keratinositi hukimbizwa kugawanyika, nyingine hufa vibaya, na DNA nyingine humwagika. Duara limefunga.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji maabara. Imikwimodi ni krimu inayoamsha TLR7, kimojawapo cha vipokezi vile vinavyotambua RNA, na hutumika kutibu chunjua za virusi na baadhi ya saratani za juu ya ngozi. Ndiyo "kupandisha kinga" kwa maana halisi kabisa. Kwa baadhi ya watu wenye soriasisi imeamsha madoa mapya, na kwa panya inaleta ugonjwa unaofanana na soriasisi kiasi kwamba watafiti huitumia kuuchunguza. Basi mtu akikuletea chupa iliyoandikwa kwamba inapandisha kinga, muulize: mkono upi, na kwa nini?

"Kuna usaha, kwa hiyo kuna vijidudu"

Si lazima. Usaha kwa sehemu kubwa ni neutrofili, askari wa kwanza kufika, wakiwa hai na wakiwa wamekufa. Katika soriasisi ya vipele vya usaha, ukipanda usaha ule maabara hauoti kitu. Kwa baadhi ya wagonjwa hao hitilafu iko kwenye jeni IL36RN, iliyotambuliwa mwaka 2011, ambayo hutengeneza breki ya interleukini-36. Breki ikikosekana, neutrofili huitwa bila kukoma. Antibiotiki haiwezi kutengeneza breki hiyo.

"Inaambukiza"

Haiambukizi. Soriasisi haiambukizi, pumu ya ngozi (ekzema) haiambukizi, na lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wake yenyewe, haiambukizi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi ukiitaja kuwa ni ugonjwa sugu usioambukiza, na kutambua kwamba wengi wanateseka kwa kunyanyapaliwa. Mshike mkono.

Na "damu chafu" haipo. Hakuna kipimo chake kwa sababu hakuna kitu cha kupima.

"Pumu ya ngozi ni mzio wa chakula tu"

Mzio unaweza kuwepo, na kwa watoto wengine huchochea. Lakini mara nyingi mlango ulikuwa wazi kabla mgeni hajafika. Mwaka 2006 iligundulika kwamba hitilafu kwenye jeni ya filagrini huongeza sana uwezekano wa kupata pumu ya ngozi. Filagrini ni sehemu ya matayarisho ya mwisho ya seli inayokwenda kuwa gamba: huifunganisha keratini, kisha huvunjwavunjwa na kuwa viambato vinavyoshika maji. Tumerudi kwenye kifo kilekile cha utaratibu. Kikiharibika, ukuta unavuja.

Angalia kinachotokea kwa usiku mmoja. Mtoto anawashwa, anajikuna nyuma ya goti mpaka kucha inaingia. Kila keratinositi iliyopasuliwa na kucha humwaga interleukini-33 na vichochezi vingine vinavyoziita seli za kinga. Seli hizo hutoa interleukini-4 na 13, ambazo hupunguza zaidi utengenezaji wa filagrini na kuongeza mwasho. Bakteria Staphylococcus aureus, ambaye hupenda sana ngozi ya namna hii, hutoa sumu inayotoboa keratinositi nyingine. Asubuhi mama anaulizwa, "Amekula nini?" Swali lenye faida zaidi ni kama ngozi ilipakwa mafuta mazito ya kutosha na dawa ya kutuliza mchochota ilitumika kama ilivyoelekezwa.

Kwenye soriasisi pia jeraha ni mwaliko. Daktari Heinrich Köbner alilieleza jambo hili katika karne ya 19: mkwaruzo ulionyooka, siku kumi hadi ishirini baadaye, unaweza kuota doa la soriasisi lililonyooka vilevile.

"Ngozi yenye mchochota huwa nyekundu"

Kwenye ngozi nyeusi mchochota mara nyingi huonekana wa zambarau, kijivu au mweusi zaidi kuliko ngozi ya jirani. Anayesubiri wekundu atachelewa. Gusa usikie joto, pima unene kwa kidole, uliza maumivu na mwasho.

"Jua ni dawa ya ngozi"

Kwa nani? Mionzi ya jua aina ya UVB huua seli. Mtu mwenye soriasisi akitibiwa hospitalini kwa UVB ya nanomita takriban 311, kwa kipimo na ratiba, seli T zilizojazana kwenye ngozi yake hufa kwa apoptosisi na madoa hulala. Kifo kile cha kimyakimya kinamsaidia.

Mwenye lupasi naye akipigwa na mionzi hiyo, keratinositi zake hufa kwa apoptosisi pia, lakini kwake wafagiaji hawaendi na kasi. Watu waliozaliwa bila protini C1q, inayosaidia kuzoa mabaki ya seli, wengi wao mno hupata lupasi. Mabaki yasipozolewa huoza palepale, vifurushi hufunguka, na kingamwili dhidi ya vilivyomo hukuta pa kushika. Mwanga uleule, kifo kilekile. Kinachotofautiana ni nani anazoa. Kwa hiyo mwenye lupasi ajikinge na jua hata kama jirani yake mwenye soriasisi ameambiwa akae juani.

"Vipele vya dawa huisha vyenyewe, subiri"

Vingi huisha. Lakini kuna aina moja ambayo haitaki subira. Katika ugonjwa wa Stevens-Johnson, na ule mkali zaidi alioueleza daktari Alan Lyell mwaka 1956, seli T na seli uaji humwaga granulisini na silaha nyingine, na keratinositi hufa kwa wingi kwa pamoja. Ngozi huachana kama karatasi iliyoloa. Kwenye ugonjwa wa Lyell ni zaidi ya asilimia 30 ya mwili. Dawa zinazojulikana kuusababisha ni pamoja na alopurinoli, karbamazepini, fenitoini, nevirapini na zile za salfa, na kwa kawaida huanza kati ya siku chache na wiki 8 tangu kuanza dawa.

Ukiona homa, ngozi inayouma kuliko inavyowasha, malengelenge, au vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri baada ya kuanza dawa mpya, usingoje kesho wala usipake chochote. Acha kumeza dawa unayoishuku, nenda hospitali saa hiyohiyo, na beba kila pakiti ya dawa uliyotumia katika miezi miwili iliyopita, hata ile unayodhani haihusiki.