Mwaka wa William kabla ya chuo: yanayosemwa na yaliyokuwa

Tatizo linaanzia kwenye jina. Huo mwaka wa kati ya sekondari na chuo kikuu wengi huuita "mwaka wa mapumziko", na ukishauita hivyo, picha inayokuja kichwani ni ya kijana wa kifalme aliyejilaza ufukweni, miwani ya jua usoni. Mwanamfalme William wa Uingereza alimaliza shule ya bweni ya Eton mwaka 2000 akiwa na miaka 18, akaingia Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, Septemba 2001. Hapo katikati pana mengi.

Dhana: Alikwenda kutalii.

Ukweli: Ufukwe ulikuwepo, tusidanganyane. Alifika kisiwa cha Rodrigues, Morisi, kwa shughuli za uhifadhi wa bahari. Lakini mwaka huo alishaonja pia mazoezi ya msituni Belize pamoja na wanajeshi wa Welsh Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza, na kuanzia Oktoba hadi Desemba 2000 akakaa wiki kumi Chile na wajitolea wa shirika la Raleigh International. Kambi yao ilikuwa Tortel, kijiji cha Patagonia ambacho siku hizo hakikuwa na barabara. Ilibidi ufike kwa boti au kwa ndege ndogo, na ukishafika hukanyagi ardhi: unatembea juu ya vijia vya mbao vilivyosimamishwa kwenye nguzo. Vijana walilala sakafuni na kazi za nyumbani zilikwenda kwa zamu. Leo unapika uji, kesho unasugua choo.

Dhana: Ile picha ya William na brashi ya choo ni maigizo matupu.

Ukweli: Kamera zilialikwa, hilo kweli. Vyombo vya habari vya Uingereza vilikuwa vimekubali kumwachia nafasi, na picha za kupangwa kama hizo zilikuwa sehemu ya makubaliano. Ila choo cha watu wengi hakisubiri mpiga picha. Zamu ilikuwepo kabla yake na iliendelea alipoondoka.

Dhana: Wajitolea ndio waliowajengea watu wa Tortel kijiji chao.

Ukweli: Hii ndiyo inayonikera. Watu wa Tortel wanaishi kwa mbao za msaiprasi. Vijia vyao ni kazi ya mikono yao. Kijana wa miaka 18 aliyetoka bweni la Eton alikwenda kushika upande wa pili wa ubao, na pengine kujifunza msumari unapigwaje.

Dhana: Alikutana na Kate, mkewe wa baadaye, huko Chile.

Ukweli: Kate alikwenda Chile na shirika hilohilo, lakini mwanzoni mwa 2001, William akiwa ameshaondoka. Walijuana St Andrews.

Dhana: Alichokipenda zaidi ni nchi za mbali.

Ukweli: Alipoulizwa, alisema kilichomfurahisha zaidi kilikuwa Uingereza kwao: kibarua kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Kuamka gizani, kukamua, ujira pauni 3.20 kwa saa.

Dhana: Kenya alikuja kuangalia simba tu, akaenda zake.

Ukweli: Katika mwaka huohuo wa mapumziko alikaa Lewa, kaunti ya Meru. Lilikuwa shamba la ng'ombe la familia ya Craig. Mwaka 1983 sehemu yake ikatengwa kuwalinda faru, na mwaka 1995 likawa hifadhi kamili. Anayekuja kuangalia simba hachukui daftari la msamiati, lakini William alipofikisha miaka 21 alisema anajifunza Kiswahili. Mwishoni mwa 2005 akawa mlezi wa Tusk, shirika la uhifadhi linalofanya kazi Afrika. Na Oktoba 2010 alirudi Kenya na Kate, pete ya uchumba ya marehemu mama yake, Diana, ikiwa ndani ya begi la mgongoni. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa ameibeba humo kama wiki tatu, na hakuthubutu kulitoa begi mkononi.