Kwa nini wasichana wengi huupoteza uhandisi kabla ya kidato cha nne?

Je, wajua kuwa njia ya uhandisi inaweza kufungwa msichana akiwa na miaka 15 tu? Kwa miaka mingi sekondari za Tanzania zimemruhusu anayeingia kidato cha tatu kuacha Fizikia na Kemia, huku Hisabati na Baiolojia zikibaki za lazima. Wengi huamua kwa kufuata rafiki au kumkimbia mwalimu mkali. Gharama huja baadaye: bila Fizikia hakuna PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) wala PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) kidato cha tano, na chuo kikuu hakimpokei uhandisi.

Sababu moja isiyosemwa sana iko maabara. Vifaa ni vichache, meza moja ina wanafunzi wengi. Wavulana hushika vifaa. Msichana hukabidhiwa daftari aandike vipimo kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Siku ya mtihani wa vitendo kila mtu yuko peke yake, na mwandiko haumsaidii.

Tazama pendulamu, yaani kitufe kizito kinachoning'inia kwenye uzi. Uzi wa sentimita 50 huenda na kurudi kwa sekunde 1.4 hivi. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 kubonyeza saa, kosa ni kubwa mno. Ndiyo maana hupimwa muda wa kwenda na kurudi mara 20 mfululizo, takriban sekunde 28, kisha hugawanywa kwa 20, na kosa hugawanyika pia. Lakini anayesema "moja" anapobonyeza saa, badala ya "sifuri", amehesabu 19 tu. Thamani yake ya g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, itatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Anayepima uzi hadi juu ya kitufe badala ya katikati yake, mstari wa grafu yake ya mraba wa muda dhidi ya urefu wa uzi hautapita kwenye sifuri. Mambo haya hayakaririwi. Mkono ndio unaoyajua.

Kwa hiyo mwalimu abadilishe majukumu kila kipindi: aliyeandika leo, kesho anapima. Inahitaji ratiba tu ukutani, haihitaji bajeti. Mzazi naye aulize mapema binti anataka kuacha somo gani, na kwa nini, kabla fomu haijarudishwa.

Na alama zisipotosha kidato cha tano? DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, na Chuo cha Ufundi Arusha hupokea wahitimu wa kidato cha nne kwa stashahada ya uhandisi ya miaka mitatu, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea na shahada. Ila huko nako huulizwa Fizikia na Hisabati.