Mota ya roketi na jua la Malindi

Ukitaja roketi Malindi kila mtu anakimbilia Ngomeni, na ni haki, pale baharini ndipo Waitaliano walirusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Lakini ile Scout, roketi iliyoibeba, ilikuwa ya fueli kavu hatua zote nne, ukishawasha umewasha. Vijana wa chuo ninaowasimamia wanaunda mota ya haibridi: ndani ya bomba kuna nta kama ya mishumaa yenye tundu katikati, na oksijeni inatoka kwa naitrasi oksaidi iliyo kwenye mtungi wake kando. Funga vali, moto unakufa.

Nta wameipenda manake uso wake unayeyuka halafu gesi inayopita inaurusha matone matone, kwa hivyo inaliwa haraka mara tatu hadi nne kuliko ile raba ya HTPB, jamii iliyotumika kwa SpaceShipOne, chombo cha angani cha kampuni binafsi, mwaka 2004.

Sasa naitrasi. Raha yake haitaki pampu, inajisukuma yenyewe, lakini presha inafuata joto tu: nyuzi 20 ni kama bar 50, nyuzi 30 ishafika kama 63, ikipita 36.4 hakuna tena cha kuita kimiminika wala mvuke mle ndani. Na mtungi wa chuma juani huku kwetu mwezi wa Februari, wee! Ikipata joto inatanuka, mtungi uleule unabeba kilo chache, basi mota inaanza kwa nguvu kisha inaisha mapema. Vijana wakaona grafu ya asubuhi na ya adhuhuri hazifanani, wakaja mbio, "Mwalimu, lodi seli imeharibika." Yaani kile kifaa cha kupima nguvu ya mota. Haijaharibika kitu, nendeni mkapime joto la mtungi.

Siku hizi tunajaribu alfajiri, mtungi chini ya makuti na gunia bichi juu yake. Mafuta marufuku, hata vidole vilivyoshika mahamri, sababu naitrasi ikichanganyika na mafuta inaweza kulipuka ikishtuliwa kidogo tu. Mwaka 2007 kule Mojave, Marekani, watu watatu walikufa kwenye jaribio la naitrasi ambalo hata halikuwashwa moto, kwa hivyo kujaza tunajaza kwa mbali, nyuma ya magunia ya mchanga, na hapo sisikilizi hoja ya mtu.

Jaribio baridi, yaani lisilo na moto, tunatumia kaboni dayoksaidi, molekuli yake ina uzito uleule wa 44 na haiungui. Ila yenyewe mpaka wake, kama ule wa 36.4 wa naitrasi, ni nyuzi 31, kwa hivyo siku hiyo wanaamka mapema zaidi, na wanalalamika kweli kweli.