Je, wajua kwa nini boila ya makaa ya mawe hukata pini yake yenyewe?

Nchini Poland nyumba nyingi bado hupashwa joto kwa makaa ya mawe. Jiji la Kraków lilipiga marufuku kuyachoma kuanzia tarehe 1 Septemba 2019 kwa sababu ya moshi, lakini vijijini boila za makaa, yaani majiko yanayopasha maji ya kuleta joto nyumbani, bado zinawaka. Nyingi hujilisha zenyewe: vipande vya milimita 5 hadi 25 humiminwa tangini, na chini yake parafujo ndefu iliyo ndani ya bomba huvisukuma polepole hadi kwenye kichomeo.

Kisha usiku mmoja wa baridi kali moto unafifia. Mota inanguruma kama kawaida, ila parafujo imetulia tuli. Hapo ujue pini imekatika.

Pini hiyo ni boliti nyembamba ya chuma laini inayounganisha giaboksi na parafujo. Giaboksi hupunguza sana mwendo wa mota, na mwendo ukipungua nguvu ya kuzungusha huongezeka. Parafujo ikibanwa, nguvu yote hiyo lazima ivunje kitu. Watengenezaji wamehakikisha kinachovunjika ni boliti ya bei ndogo, kama fyuzi inavyoungua ili kuokoa redio. Ndiyo maana kuweka boliti ngumu zaidi ni hatari: mkwamo unaofuata utasaga meno ya giaboksi, na hiyo ni gharama kubwa katikati ya majira ya baridi.

Swali la maana ni nini kimeibana parafujo. Mara nyingine ni jiwe, msumari au kipande cha mti kilichokuja na makaa. Mara nyingine ni unyevu: chenga za makaa zikilowa hushikana na kujipakaza kwenye kuta za bomba hadi zinakuwa ngumu. Mlangoni mwa kichomeo nako, majivu yaliyoyeyuka huganda na kuziba njia.

Usikimbilie spana. Makaa yakisimama, moto unaweza kurudi nyuma kupitia bomba hadi tangini, pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Bomba likiwa la moto isivyo kawaida, au moshi ukitoka tangini, toa watu nje na uite zimamoto. Kama hali ni shwari, zima umeme, acha moto ufe kabisa, toa makaa tangini, kisha fungua kifuniko cha kusafishia.

Kuirudisha parafujo nyuma kidogo kwa mkono mara nyingi hulegeza kilichobana. Ikishazunguka bila kukwaruza, weka pini ya unene na ugumu uleule ulioandikwa na mtengenezaji. Ikikatika tena siku hiyohiyo, kizuizi bado kimo ndani ya bomba, na sasa ni kazi ya fundi kuichomoa parafujo yote.