Ukisikia "Curie", uliza ni yupi

Mwenye jiko la umeme la kupikia wali anaujua ule mlio: tak! Swichi inaruka yenyewe, taa ya kupika inazimika, ya kuweka joto inawaka. Kwenye majiko ya bei nafuu hakuna kompyuta iliyoamua hivyo. Toa sufuria utazame chini: katikati kuna kidude cha duara kinachobonyea ukikigusa. Ndani yake mna sumaku iliyonatana na kipande cha madini. Maadamu maji yapo, joto chini ya sufuria haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100. Mchele ukishayanywa yote, joto linapanda ghafla, na likifika mahali fulani kile kipande kinaacha kunata kwenye sumaku. Springi inasukuma, swichi inaruka, na wali unanusurika kuwa ukoko mtupu.

Hapo mahali fulani ndipo panapoitwa joto la Curie. Kila kitu kinachovutwa na sumaku kama chuma kina kiwango chake; chuma chenyewe ni nyuzi 770 za Selsiasi. Mafundi wa majiko hayo hutafuta tu madini ambayo kiwango chake kiko juu kidogo ya pale maji yanapochemka.

Sasa, ukimwuliza mtu Curie huyo ni nani, atakwambia Marie, yule mama wa mionzi. Hapana. Huyu ni mumewe, Pierre, aliyeichunguza tabia ya sumaku kwenye joto katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1895, miezi michache tu kabla ya kumwoa Marie. Kosa hili ni la kawaida mno, na chanzo chake ni sifa: Marie amekuwa maarufu kiasi kwamba jina la ukoo wa mumewe limegeuka kuwa lake peke yake.

Pierre ndiye aliyezaliwa nalo, Paris, mwaka 1859. Marie alizaliwa Warsaw mwaka 1867 akiitwa Maria Skłodowska, na jina hilo hakulitupa. Mwaka 1898 walipogundua elementi mpya, waliiita poloniamu, kwa heshima ya Poland, nchi ambayo wakati ule haikuwa hata kwenye ramani kwa sababu majirani walikuwa wamegawana ardhi yake. Mwaka huohuo ikafuata radiamu.

Kuna na Curie wa tatu anayesahaulika, Jacques, kaka yake Pierre. Mwaka 1880 ndugu hao wawili walionyesha kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Kile kiwashio cha gesi kinacholia "kli" bila kibiriti wala betri kinafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo jikoni kwako huenda wamo Curie wawili, na Marie si mmoja wao.

Penye utata wa kweli ni kwenye kipimo. Mwaka 1910 wanasayansi waliokutana Brussels walikubaliana kwamba kipimo cha unururifu, yaani utoaji wa mionzi, kiitwe curie, nacho kilitokana na gramu 1 ya radiamu. Leo kimefungwa kwenye namba: atomu bilioni 37 zinazovunjika kila sekunde. Taarifa iliyotolewa wakati ule ilisema kipimo ni kwa kumbukumbu ya Pierre, ambaye alikuwa amekufa mwaka 1906 kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi barabarani Paris. Wengine walishikilia kwamba ni cha wote wawili. Ubishi haukuisha, ila kipimo chenyewe kimezeeka: tangu 1975 kipimo rasmi ni bekereli, ambacho ni atomu moja tu kwa sekunde, kwa jina la Henri Becquerel aliyegawana nao Tuzo ya Nobel ya 1903.

Kwa kyuriamu hakuna ubishi. Elementi hiyo namba 96, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1944, ilipewa jina la mke na mume pamoja.

Kisha wakaja watoto. Irène aliolewa na Frédéric Joliot, wakaunganisha majina wote wawili, mume na mke, na Nobel yao ya 1935 ikaja kwa jina la Joliot-Curie. Ukiongeza ile ya Pierre na mbili za Marie (1903 na 1911), ukoo mmoja una medali tano. Mdogo wake Irène, Ève, hakuishika sayansi, akawa mwandishi. Hata hivyo Nobel ilimfuata nyumbani: mwaka 1965 mumewe, Henry Labouisse, ndiye aliyeipokea ya Amani kwa niaba ya UNICEF, shirika alilokuwa akiliongoza.

Mitaa na shule zenye jina hili Ufaransa hazina idadi, nami sitajaribu. Nitataja kituo kimoja tu cha treni ya chini ya ardhi, huko Ivry kando ya Paris. Kwa miaka mingi kiliitwa Pierre Curie. Jina la Marie liliongezwa mwaka 2007. Na anayeomba ufadhili wa utafiti wa Umoja wa Ulaya aangalie vizuri: unaitwa Marie Skłodowska-Curie, kwa majina yote mawili.

Angani mambo yamepangwa vizuri zaidi. Mwezini kuna shimo kubwa liitwalo Curie, la Pierre, na jingine liitwalo Sklodowska, la Marie. Ila kile kijisayari namba 7000 kinachoitwa Curie ni cha Marie. Wenye kupenda mpangilio wavumilie.

Ardhini, mpangilio kama huo wa Mwezini uko Katanga. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndio uliotoa radiamu nyingi ya dunia miaka ya 1920, na baadaye urani ya bomu la Hiroshima. Mwaka 1921 Mbelgiji Alfred Schoep alieleza madini mapya kutoka huko, ya rangi ya machungwa inayokaribia wekundu, yenye risasi na urani ndani yake. Akayaita curite, kwa ajili ya Pierre. Miaka mitatu baadaye akaeleza mengine ya mgodi uleule, haya ya njano, yenye vijisindano vyembamba kama nywele. Hayo akayaita sklodowskite.