Maana ya huduma inayomzingatia mgonjwa

Huduma inayomzingatia mgonjwa ni ile ambayo maamuzi ya tiba hufanywa kwa kuangalia, pamoja na ugonjwa wenyewe, maisha ya mgonjwa, anachokijua kuhusu mwili wake, anachokihofia na anachokitaka. Mwaka 1969, nchini Uingereza, Enid Balint, mtaalamu wa tiba ya nafsi, aliitofautisha na tiba inayoukazia macho ugonjwa peke yake. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikaiweka miongoni mwa malengo sita ya huduma bora.

Wengi huidhania kuwa ni ukarimu: muuguzi aseme "pole", amwite mgonjwa mama au mzee, asimfokee. Hayo ni ya lazima, lakini mhudumu mpole kuliko wote anaweza kumpa mtu dawa kwa ratiba asiyoweza kuifuata. Kipimo cha dhana hii ni kama aliyoyasema mgonjwa yalizingatiwa kweli wakati wa kuamua.

Tuchukue mfano wa dirisha la dawa. Juu ya bahasha huandikwa 1 x 3, na mtoa dawa husema, "Kimoja, kutwa mara tatu." Kutwa ni tangu kunapokucha hadi kunapokuchwa, kwa hiyo mgonjwa anayekijua Kiswahili chake sawasawa atameza vidonge vyote vitatu kabla ya giza kuingia na kukaa usiku mzima bila dawa, ilhali amoksilini iliyoandikwa hivyo hukusudiwa kumezwa kila baada ya saa nane. (Wala "kila saa nane" si salama zaidi, kwani mtu anaweza kuisikia kama saa nane ya mchana.) Mhudumu mweledi humuuliza mgonjwa huamka na kulala saa ngapi, kisha hupanga naye: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Halafu humwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyoitumia dawa, kwa kuwa swali la "umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" hata na asiyeelewa, hasa foleni ikiwa imejaa nyuma yake.

Kazi hiyo ya kueleza ni sehemu ya weledi, wala si fadhila. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa. Tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu.

Hata hivyo, kumzingatia mgonjwa si kumtii. Mama anayemwombea mtoto antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, kwa mafua ya kawaida, ambayo husababishwa na virusi, hapaswi kupewa kwa sababu tu amesisitiza, na wala hapaswi kufukuzwa kwa karipio. Aulizwe anaogopa nini. Huenda akasema kwamba mtoto wake wa kwanza alianza hivihivi akaishia kuugua nimonia, na hapo mhudumu atakuwa na sababu ya kumfunua huyu kifua na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima kabla ya kuwaruhusu waende nyumbani.